Andika kasoro kabla ya sifa

Mwezi uliopita niliwaomba wasomaji mniletee matangazo yenu yaliyokwama: vyombo vya nyumbani mlivyoviweka mtandaoni vikakaa wiki nzima, mwezi mzima, mnaulizwa "bado ipo?" halafu kimya. Yamekuja mengi kuliko ukurasa huu unavyoweza kubeba, kwa hiyo nimechagua yale ambayo jibu lake litamfaa na jirani.

Kwa mgeni wa safu hii: nilikaa miaka 11 kwenye dirisha la matangazo madogo la gazeti, enzi za kulipia kwa neno. Mtu anakuja na karatasi yake, nahesabu maneno kwa ncha ya kalamu, namtajia malipo, naye anaanza kufuta ili yapungue. Miaka yote hiyo niliona kitu kilekile. Kwanza walifuta vipimo, kisha wakafuta kasoro. "Nzuri sana" hakuna aliyeifuta. Leo mtandaoni hakuna anayekuhesabia maneno, na bado matangazo mliyoniletea hayana vipimo wala kasoro. Yamebaki na "nzuri sana".

Shikamoo mama. Friji yangu iko mtandaoni wiki ya tano sasa. Nimeandika hivi: "FRIJI INAUZWA. Ipo vizuri sana haina shida yoyote. Bei poa, maongezi yapo. Njoo inboksi." Watu wanauliza kama bado ipo, nikisema ipo wanapotea. Nimekosea wapi? – Mwenye Friji

Marahaba mwanangu. Hukusema uongo, ila hukusema kitu. Jiweke mahali pa mtu aliyeshika simu, ana friji nyingine 30 za kupitia. Ya kwako ina milango mingapi? Inabeba lita ngapi? Itaenea kwenye kona ya jikoni kwake? Ina umri gani? Kwa nini unaiuza kama haina shida? Itabidi akuulize yote hayo moja baada ya jingine, na mtu mwenye friji 30 mbele yake haulizi, anapita. Yule aliyekuuliza "bado ipo?" ndiye aliyekuwa na subira kuliko wote, nawe ukampa neno moja.

Nilimwandikia Mwenye Friji maswali tisa, akajibu siku ileile. Nikamwomba pia atafute kipande cha karatasi, akiweke nusu ndani nusu nje ya friji, afunge mlango, kisha avute taratibu. Karatasi ikichomoka bila kukataa, mpira wa mlango umechoka na baridi inavujia hapo. Ikishikwa, mpira bado una nguvu. Arudie juu, chini na ubavuni. Yake ilishikwa kila mahali isipokuwa kona ya chini karibu na bawaba, ambako iliteleza kidogo. Habari hiyo haionekani kwenye picha hata moja, na ndiyo mnunuzi anayoihofia.

Tangazo lake sasa linasomeka hivi. Jina la kampuni na bei nimeviacha, ni vyake:

"Friji (jokofu) ya milango 2, lita 210, inapoza na kugandisha. Droo ya mboga ina ufa wa sentimita 6, nimeubana kwa gundi. Taa ya ndani haiwaki. Mpira wa mlango umelegea kidogo kona ya chini kulia, kwingine unabana. Urefu sentimita 144, upana 55, kina 58. Nimeinunua mpya, nimeitumia miaka 4. Naiuza kwa sababu familia imeongezeka na tumechukua kubwa zaidi. Muda wote imewashwa, njoo uione ikifanya kazi. Namba ya modeli iko kwenye picha ya 4. Usafiri ni wa mnunuzi, na isafirishwe ikiwa imesimama."

Nimeweka "friji" na "jokofu" pamoja kwa makusudi. Mwingine anatafuta kwa neno hili, mwingine kwa lile, na kisanduku cha kutafutia mara nyingi hakijui kuwa ni kitu kimoja. Vivyo hivyo kochi na sofa. Andika yote mawili mara moja, mwanzoni, basi.

Kuhusu kusafirisha ikiwa imesimama: ndani ya kompresa kuna mafuta. Friji ikilazwa, mafuta hayo yanaweza kuingia kwenye mabomba ya gesi, na ukiiwasha palepale unaweza kuiua. Kama ililazimika kulazwa, isimamishwe na iachwe saa nyingi kabla ya kuwashwa, na wengi hungoja hadi saa 24. Likiwa ndani ya tangazo, sentensi hiyo moja inakuepusha na simu ya usiku inayosema "umeniuzia friji mbovu."

Shangazi, nimesoma ushauri wako wa kutaja kasoro, mume wangu amekataa kabisa. Anasema nikitaja mikwaruzo ya meza watanipunja, bora waje waione wenyewe, wakishafika hawawezi kurudi mikono mitupu. – Mke wa Mtu

Mwambie shemeji yangu kwamba wanarudi mikono mitupu kila siku. Nao wakirudi, wanarudi na hasira, kwa sababu wamelipa nauli ya kuja kudanganywa.

Tena anayegundua kasoro mwenyewe haishii kwenye ile aliyoiona. Akiona mkwaruzo ambao hukuutaja, anaanza kupiga magoti kutazama chini ya meza, anatikisa kila mguu, anawaza ni nini kingine umemficha. Bei anayokutajia hapo ni ya meza yenye kasoro kumi. Yule aliyeusoma mkwaruzo nyumbani kwake alishaukubali kabla hajavaa viatu.

Mwanauchumi George Akerlof alilieleza jambo hili mwaka 1970 kwa mfano wa magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akawa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, hatoi bei ya zima kwa lolote, anatoa bei ya kujikinga. Mwenye gari zima anaona anapunjwa, analiondoa sokoni, na sokoni yanazidi kubaki mabovu. Meza ya mumeo iko kwenye soko hilohilo. Kinachoitenga na mbovu ni yale mliyoyasema wazi, yenye kuweza kuhakikishwa.

Mkitaja kasoro, itajeni kwa kipimo. "Mkwaruzo mdogo" hauna maana, mdogo kwa nani? "Mkwaruzo wa sentimita 12 juu ya meza, upande wa ukutani, umeondoa rangi lakini haujachimba mbao." Kisha upigeni picha kwa karibu, na futi ya kupimia imelazwa pembeni yake.

Habari dada. Nauza kochi la watu watatu na kabati la nguo. Picha nimepiga nyingi tu lakini rafiki yangu anasema ndizo zinazonikosesha wateja. – Aliyehama

Nzuri, ndugu yangu. Rafiki yako amekuambia kweli. Nimezitazama picha zako 14. Kumi na moja zimepigwa usiku kwa taa ya simu, kochi limekuwa na mng'ao katikati na giza pembeni, na rangi yake sijaijua mpaka leo: kwenye picha moja ni ya kahawia, kwenye nyingine kama zambarau. Picha ya tatu ina soksi. Ya tisa ina mtoto wako amelala.

Subiri asubuhi. Fungua madirisha na mapazia, zima taa ya simu, simama wewe ukiwa na dirisha mgongoni au ubavuni, kamwe usilielekee. Ondoa mito, nguo na kila kisichouzwa. Pangusa. Inama mpaka simu iwe usawa wa kiti, maana kochi lililopigwa kutoka juu linaonekana limebonyea. Picha ya kwanza ionyeshe kochi zima, hiyo ndiyo itakayoonekana kwenye orodha. Kisha ubavu, mgongo, kitambaa kwa karibu, na pale ambapo paka alikwaruza. Sita zinatosha.

Mtoto asiwemo. Wala cheti cha ukutani, barua mezani, namba ya nyumba mlangoni. Nenda pia kwenye mipangilio ya kamera uzime sehemu ya mahali, kwa sababu simu nyingi huandika ndani ya faili la picha pale ilipopigwa. Baadhi ya tovuti na programu hulifuta hilo unapopakia, lakini ukimtumia mtu picha kama dokumenti, taarifa hizo zinakwenda nayo.

Sasa kabati. Umeandika "kabati kubwa". Hili linanigusa, kwa sababu niliwahi kuliandika mimi, kwa maneno hayohayo, nikiwa nimeshakaa miaka kadhaa kwenye lile dirisha la gazeti na nilipaswa kujua. Alikuja baba mmoja na gari la kukodi na vijana wawili wa kubeba. Alilipia kabati, akashukuru, akaondoka. Baada ya saa mbili alinipigia. Limegoma kuingia mlangoni kwake. Walilijaribu kwa ubavu, kwa kulilaza, wakavunja pembe moja ya juu. Halikuwa la kufunguka, fundi alilipigilia misumari na gundi. Nilimrudishia hela yake, ila ya gari na ya vijana nilipomwomba aipokee alikataa, akasema kosa ni lake kwa kutouliza. Halikuwa lake. Angeuliza nini wakati mimi ndiye nilikuwa na kabati na futi?

Kwa hiyo pima urefu, upana na kina, kwa sentimita. Ukipima kwa inchi zidisha kwa 2.54, futi moja ni sentimita 30.48. Andika kama linafunguka au halifunguki, na kama linafunguka, kwamba skrubu zote zipo. Andika liko ghorofa ya ngapi na kama kuna ngazi zenye kona. Anayekuja na vijana wawili ajue kama anahitaji wanne.

Bibi shikamoo. Mama yetu alifariki mwaka jana. Ameacha cherehani ya Singer ya chuma, nyeusi, ya miguu. Sisi wote hatujui kushona na nyumba inauzwa. Kaka amenipa kazi ya kuitangaza. Nimeanza kuandika mara nne nikashindwa. – Kitinda Mimba

Marahaba mjukuu wangu. Pole sana, Mungu amlaze mahali pema.

Nadhani unashindwa kwa sababu kuna matangazo mawili unayoandika kwa pamoja. Moja ni la mama, jingine ni la cherehani. La mama liandike kwanza, kwenye karatasi yako, urefu unaotaka: nguo alizoshona, sauti ya miguu yake usiku. Likunje ulitunze. Halafu rudi kwenye mashine.

Anayenunua cherehani ya chuma huwa anaijua kuliko sisi, na atataka mambo mawili. La kwanza ni umri. Tazama sehemu bapa inayokaa kitambaa, upande wa kulia, utaona namba imegongwa kwenye chuma. Tangu 1900 Singer walitanguliza herufi. Kama yako inaanza na EA, EB na kuendelea, imetoka kiwanda cha Clydebank huko Scotland, kilichofungwa mwaka 1980. Zipo orodha za namba hizo mtandaoni zinazoonyesha mwaka. Ipake chaki, uifute juujuu, namba itabaki nyeupe. Ipige picha.

La pili ni kama inashona. Mtafute fundi yeyote wa nguo, mwombe atie tone la mafuta, aweke sindano mpya na uzi wa rangi mbili, mwekundu juu na mweupe kwenye bobini, ashone mstari kwenye kitambaa cha kijivu. Piga picha upande wa juu na upande wa chini. Uzi mwekundu ukionekana juu peke yake na mweupe chini peke yake, mishono imebana sawasawa, hicho kipande cha kitambaa kitasema zaidi ya aya tatu. Usipopata fundi, sema wazi: "gurudumu linazunguka bila kukwama, sijui kushona, sijaijaribu." Hilo nalo ni jibu la heshima.

Yale maua ya dhahabu yaliyochorwa ubavuni usiyasugue. Kitambaa chenye unyevu kidogo tu, kwa upole. Dawa kali za kusafishia huyang'oa, na wanaokusanya mashine hizi hutazama hapo mwanzo.

Bei usiipange siku uliyolia. Na ukiona huwezi kabisa kumwachia mtu, mwambie kaka yako. Hilo nalo litakuwa limeamuliwa.

Mama, nina kitanda cha mtoto cha mbao, cha ule ubavu unaoshuka na kupanda. Kiko imara, watoto wangu watatu wamelala humo. Nikiandikeje? – Mama wa Watatu

Usikiandike, mama. Vitanda vya ubavu wa kushuka vilionekana kuwa vikilegea pale kwenye reli, ubavu unaachana na kitanda na mtoto anabanwa katikati, na kuna waliopoteza maisha. Marekani ilipiga marufuku kuviuza kuanzia Juni 2011, hata vilivyotumika. Najua wako watatu walilala salama, namshukuru Mungu pamoja nawe. Lakini skrubu zimeshafunguliwa na kufungwa mara ngapi? Kifungue, mbao zitafaa kwa rafu.

Hapohapo niongeze kiti cha mtoto cha garini. Kama gari liliwahi kugongwa kikiwemo, au hujui kama liligongwa, kisiuzwe wala kisigawiwe bure.

Mashine yangu ya kufulia imekufa, fundi anasema bodi ya umeme imeungua na mpya ni ghali. Je, kuna mtu ananunua kitu kibovu, au nitaonekana tapeli? – Mvivu wa Kutupa

Yupo. Mwaka 1995 Pierre Omidyar, mwanzilishi wa tovuti ya mnada iliyokuja kuitwa eBay, aliweka humo kalamu ya leza iliyoharibika, akasema imeharibika. Ikanunuliwa kwa dola 14.83. Akamwandikia mnunuzi kumuuliza kama ameelewa kuwa haifanyi kazi. Mnunuzi akajibu kwamba yeye hukusanya kalamu za leza zilizoharibika.

Wako atakuwa fundi. Anza tangazo kwa maneno "MBOVU, kwa ajili ya vipuri", yawe kwenye kichwa chenyewe, yasijifiche aya ya tatu. Kisha umweleze kilicho kizima: mota, pipa la ndani, pampu, mlango, mpira wa mlango. Andika namba ya modeli yote, herufi kwa herufi, kwa sababu anayetafuta kipuri anaitafuta kwa namba hiyo. Kama bado una zile skrubu ndefu zilizokuja na mashine kwa ajili ya kulishikilia pipa lisiruke njiani, zitaje, wengi huzitupa.

Dada, kwa nini unachukia "bei njoo inboksi"? Mimi nataka kwanza nimjue mteja. – Mfanyabiashara Chipukizi

Kwa sababu mteja naye anajua maana yake: bei itategemea anavyoonekana. Ukiandika bei, asiyeimudu hakusumbui, na anayeimudu anakuja tayari.

Itafute hivi. Angalia kitu kama chako kipya kinauzwaje leo, si ulivyokinunua wewe zamani. Kisha tazama vilivyotumika, lakini usidanganywe na tangazo lililokaa miezi mitatu, ile ni bei ambayo watu wameikataa. Vizuri zaidi fuatilia matangazo matano kwa wiki mbili, uone lipi limeondoka. Iandike kwa tarakimu zote, isiwe moja wala sifuri, kuna wanaoweka 1 ili watokee juu ya orodha na wanajichomea jina.

"Maongezi yapo" iandike pale tu unapotaka kupunguza. Ukiiandika umeshapunguza kabla hujaombwa. Na "bei ya mwisho" iwe ya mwisho kweli.

Aliyetaka kununua jiko langu ametuma ujumbe kwamba amelipa zaidi kwa bahati mbaya, anaomba nimrudishie iliyozidi, na ananiomba namba za siri nilizotumiwa kwenye simu "kuthibitisha mimi ni mtu kweli". Nifanyeje? Anaharakisha sana. – Mwenye Jiko

Acha kila kitu, usimjibu. Ujumbe wa kulipwa unaweza kuandikwa na mtu yeyote. Fungua akaunti yako mwenyewe utazame salio. Kama hela haimo, hakulipa, na hakuna kilichozidi. Zile namba zilizoingia kwenye simu yako ni funguo za akaunti yako, asizione hata mtoto wako. Mnunuzi wa jiko hana kazi nazo.

Kama umeshamtumia, piga simu benki au kampuni yako ya simu sasa hivi kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu, kisha ubadilishe nywila. Jiko litauzwa wiki ijayo. Niletee tangazo lake tuliandike upya, na unitajie ni sehemu ngapi za moto zinazowaka.